Bwalo la chuo likigeuzwa mgahawa wa kisasa: kijana wetu atakula nini, na kwa shilingi ngapi?

Kila mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, familia za Piyaya, Malambo, Arash na vijiji vya jirani hupeleka ng'ombe mnadani ili kijana aende chuo kikuu. Wiki mbili tatu baadaye picha zinaanza kuingia kwenye simu. Kijana amekaa kwenye kiti cha rangi, meza inang'aa, feni inazunguka juu, televisheni iko ukutani, na nyuma yake wenzake wamechomeka simu zao kwenye chaji. Anasema hapo ndipo wanapokula. Haupiti muda mrefu, namba ile ile inapiga tena. Safari hii anaomba hela ya chakula.

Wazazi wengi wanashindwa kuipatanisha ile picha na hilo ombi. Wapo wanaodhani kijana anadanganya. Katika makala haya tunaeleza jinsi vyuo vinavyogeuza majengo ya zamani kuwa kumbi za kisasa za kulia na kupumzikia, ni kazi gani hufanyika ndani ya ukarabati huo, na kwa nini inawezekana kabisa ukumbi ukawa mzuri na kijana akalala na njaa.

Zamani chakula kilikuwa cha serikali

Elimu ya chuo kikuu nchini kwetu ilianzia ndani ya jengo la kuazima. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenye kukumbuka noti ya 500 ya toleo la 2010 ataukumbuka mchoro wa nyuma: ule ni Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani.

Miaka hiyo mwanafunzi hakuulizwa hela ya kula. Serikali ilimsomesha, ikampa kitanda, ikamlisha. Saa ya chakula ikifika alipanga foleni bwaloni, akapewa sahani, akakaa. Mwalimu Nyerere aliutumia mfano huo huo wa chakula kuwakumbusha wasomi deni lao. Aliwafananisha na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa akiba yote ya chakula kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wengine msaada. Akila halafu asirudi, amekisaliti kijiji. Mzazi aliyeuza mitamba miwili kwa ajili ya ada hahitaji kufafanuliwa mfano huo.

Mabadiliko yalikuja na sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu, iliyoanza kutekelezwa kwa awamu kuanzia 1992/93. Polepole gharama za chakula na malazi zikahamia kwa mwanafunzi na familia yake. Baadaye ikatungwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, na Julai 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Kenya walipita njia hiyo hiyo miaka ya 1990: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliozoea kulishwa na serikali wakaambiwa sasa kila mtu alipie sahani yake.

Hapo ndipo bwalo lilipobadilika kiini chake, hata kabla ya mtu kugusa rangi ya ukuta. Bwalo la zamani lilijengwa kulisha watu wengi chakula cha aina moja kwa wakati mmoja. Likishakuwa mahali pa biashara, mlaji anakuwa mteja, anachagua, na asiyevutiwa anavuka geti kwenda kwa mama lishe. Chuo kinaanza kufikiria viti, mwanga, aina za vyakula, mahali pa kukaa baada ya kula. Meza ndefu na mabenchi ya mbao vinaonekana vimepitwa na wakati.

Kwa nini wakarabati, wasijenge jipya?

Tanzania ina mazoea ya siku nyingi ya kuyapa majengo kazi mpya. Mwaka 2005 shule maarufu ya Mkwawa pale Iringa, ambayo wakati wa ukoloni ilikuwa shule ya watoto wa Wazungu, iligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki. Mwaka huo huo Chuo cha Ualimu Chang'ombe, Dar es Salaam, nacho kikawa chuo kikuu kishiriki. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza 2007 kilitumia jengo la Chimwaga, ukumbi ule ule ambao mwaka 1995 CCM ilimpitisha Benjamin Mkapa kugombea urais. Kwa hiyo mahali ambapo jana walikaa wajumbe wa mkutano mkuu, kesho wanaweza kukaa wanafunzi.

Bwalo la zamani lina sifa ambazo fundi anazipenda. Ni pana, halina nguzo nyingi katikati, dari iko juu, na mara nyingi limejengwa karibu na mabweni au madarasa. Msingi na kuta zipo tayari. Ukitoa madirisha madogo ukaweka makubwa, ukasawazisha sakafu na kupaka rangi nyeupe, watu watadhani ni jengo jipya. Sehemu hiyo ndiyo inayoonekana kwenye picha, na kwa kweli ndiyo rahisi kuliko zote.

Ugumu uko nyuma ya ukuta, jikoni.

Jiko la zamani lilikuwa la kuni, na masizi ya miaka arobaini yameingia kwenye dari na plasta. Ukipaka rangi juu yake bila kusugua na kuziba kwanza, mvua ya kwanza madoa ya kahawia yanarudi. Nyaya za umeme ziliwekwa kwa ajili ya taa chache. Leo jengo hilo hilo linatakiwa kubeba majokofu, majiko, feni, na simu mia mbili zinazochajiwa kwa pamoja. Usipobadilisha nyaya zote umenunua moto. Halafu kuna mafuta ya kupikia. Yakimwagwa kwenye sinki yakiwa ya moto, yanakwenda mbele kidogo, yanapoa na kuganda ndani ya bomba kama mafuta ya kondoo yanavyoganda kwenye kibuyu. Ndiyo maana jiko kubwa lazima liwe na shimo la kunasa mafuta: maji machafu yanaingia kwenye tangi dogo, mafuta yanaelea juu, maji yanatokea chini. Tangi hilo lisiposafishwa mara kwa mara, jikoni kunanuka na mifereji inafurika. Tungekuwa tunatembelea mgahawa wa chuo kwa mara ya kwanza, tungeomba kuonyeshwa shimo hilo kabla ya kuonyeshwa makochi.

Gesi nayo ina masharti yake. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inashuka na kulala sakafuni, inajaa kwenye mitaro na mashimo. Mitungi mikubwa inakaa nje ya jengo, penye hewa, ndani ya uzio wa nondo, na jiko linahitaji matundu ya hewa chini ya ukuta pamoja na yale ya juu tuliyoyazoea kwa ajili ya moshi.

Baada ya hapo inakuja hesabu ya viti, na hapa ndipo miradi mingi inapojikwaa. Tuchukulie wanafunzi 900 wanataka kula kati ya saa sita na saa nane mchana. Kila mmoja akikaa nusu saa, kiti kimoja kinaweza kukaliwa mara nne, lakini kwa sababu watu hawaji kwa mpangilio, hesabu ya kweli ni mara tatu. Zinahitajika nafasi 300. Kila mlaji, pamoja na njia ya kupita, anahitaji zaidi ya mita moja ya mraba. Weka moja na theluthi, unapata ukumbi wa mita za mraba 400, sawa na madarasa sita ya shule ya msingi, kabla hujaweka jiko. Sasa mtu anasema tuweke makochi ili pawe pa kisasa. Kochi linachukua nafasi ya viti viwili au zaidi, na aliyekaa kwenye kochi haondoki baada ya nusu saa. Ukumbi ule ule uliolisha 900 sasa unalisha 400. Wengine wanasimama nje na sahani mkononi, au wanaacha kula mchana.

Suluhisho zuri ni kutenganisha. Upande mmoja meza za kulia, kiti kigumu kidogo, foleni inayokwenda. Upande mwingine, au baraza la nje lililoezekwa, mahali pa kukaa, kusoma na kuongea. Njia ya kiti cha magurudumu isiwe na mwinuko mkali: kupanda sentimeta moja kwa kila sentimeta kumi na mbili za urefu ndicho kipimo kinachotumiwa na wahandisi wengi. Na bati likiachwa bila dari, mvua ikinyesha hakuna atakayemsikia mwenzake.

Nani analipia viti vya rangi?

Vyuo vingi siku hizi havipiki vyenyewe. Vinatangaza zabuni, na mzabuni anayeshinda anakodi ukumbi na jiko kwa mkataba, anapika na kuuza. Mzabuni huyo analipa kodi ya pango, umeme, maji, gesi na mishahara, na fedha hizo zote zinatoka kwenye sahani ya mwanafunzi. Kama chuo kimetumia hela nyingi kukarabati na kinataka kuzirudisha haraka kupitia kodi ya pango, wali maharage utapanda bei hata kama bei ya maharage sokoni haijapanda.

Tuweke hesabu ya kijana wa Piyaya mezani. Mwaka 2023 serikali ilipandisha fedha ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Wanafunzi wanaiita bumu. Kwa mwezi wa siku 30 ni Sh300,000. Fedha hiyo ni ya kula na ya kulala pia. Tuchukulie amekosa hosteli ya chuo, amepanga chumba na mwenzake na sehemu yake ni Sh80,000. Zimebaki Sh220,000, yaani kama Sh7,300 kwa siku. Akinywa chai ya Sh1,500, akala mchana kwa Sh2,500 na jioni kwa Sh2,500, ametumia Sh6,500. Kinachobaki hakifiki Sh1,000 kwa siku, na humo kuna nauli, sabuni na vocha ya intaneti. Ukumbi ukikarabatiwa na sahani ya mchana ikawa Sh4,000, hesabu hiyo imevunjika: anapungukiwa Sh20,000 na zaidi kila mwezi bila kuwa ametumia hovyo hata senti moja. Bei hizi ni za mfano. Kila mji una zake. Lakini hesabu ndiyo hiyo, na tumeanza na kijana mwenye bumu kamili. Wako wasiopata mkopo kabisa.

Fedha hizo pia huja kwa awamu, wala si kila siku asubuhi. Wanaoanza hupokea hela nyingi kwa mara moja kuliko walizowahi kushika maishani, na mwisho wa awamu ndipo wanapoanza kile wanafunzi wanachokiita kupiga pasi ndefu: unaruka chai, unaruka chakula cha mchana, unakula mara moja jioni. Simu ile ya pili inayokuja nyumbani mara nyingi inapigwa katika siku hizo.

Kwa hiyo mzazi, kijana akikutumia picha ya ukumbi mpya, mpongeze, kisha muulize mambo matatu ya kawaida. Sahani ya bei ya chini kabisa ni shilingi ngapi, na ina nini? Je, hosteli inaruhusu kupika, maana nyingi zinakataza majiko vyumbani? Bumu la awamu inayofuata linategemewa lini? Ukishajua hayo, utajua kama ni bora kumtumia hela kidogo kidogo kila wiki kuliko nyingi mara moja. Sisi tunaona kila wiki ni bora, hasa mwaka wa kwanza.

Kiti ambacho hulipii

Kuna jambo moja ambalo kwenye michoro ya wakandarasi halionekani, nasi tunaliona kuwa kubwa kuliko vigae. Je, mwanafunzi ambaye siku hiyo hana hela anaweza kuingia na kukaa?

Bwalo la zamani lilikuwa na ukali wake, chakula cha kurudiarudia na foleni ndefu, lakini kila mtu alikuwa na nafasi. Mgahawa unaoendeshwa kibiashara unaweza kuweka tangazo kwamba viti ni vya wateja tu. Siku tangazo hilo linapobandikwa, ukumbi wa wanafunzi wote umekuwa ukumbi wa wenye hela. Asiye nazo anakosa chakula, na anakosa pia chaji ya simu, mtandao wa bure, kundi la majadiliano na habari za mtihani umesogezwa lini.

Kwetu jambo hili linaeleweka bila maelezo marefu. Morani hanywi maziwa peke yake. Anamtafuta mwenzake wa rika hata kama ni mbali. Orpul si nyama tu, ni siku za kukaa pamoja, kuongea na kurudisha nguvu. Kijana aliyelelewa hivyo akifika mjini akajikuta anakula mkate peke yake chumbani, mlango umefungwa, ili wenzake wasione kwamba ni mkate tu, upweke huo unamla kuliko njaa. Wapo wanaorudi nyumbani muhula wa kwanza haujaisha, na sababu wanayoitaja ni ada.

Chuo kinaweza kulizuia hili bila gharama kubwa, kwa kuandika kwenye mkataba wa mzabuni. Kwamba sehemu ya kukaa ni ya wanafunzi wote, anunue asinunue. Kwamba kila siku kuna sahani moja ya bei ya chini iliyokubaliwa na serikali ya wanafunzi, yenye maharage au dagaa na mboga, na haibadilishwi bila kikao. Kwamba maji ya kunywa ni bure. Wanafunzi wana viongozi wao waliowachagua, na hao wana haki ya kuomba kuyaona masharti hayo kabla mkataba haujasainiwa. Mwambie kijana wako aulize.

Na mabwalo ya shule zetu?

Ukarabati wa namna hii hauko vyuoni tu. Kwenye shule zetu za bweni bwalo ndilo chumba cha mtihani, ukumbi wa mahafali, mahali pa mkutano wa wazazi na, mvua ikinyesha, kimbilio la kila mtu. Elimu bila ada ilipoanza 2016, serikali ilipanga Sh1,500 kwa siku kwa chakula cha mwanafunzi wa bweni wa sekondari. Shule za kutwa, uji na kande hutegemea mahindi na maharage ya wazazi. Kwa hiyo bwalo linapotajwa kwenye mkutano wa kijiji, mara nyingi tunaulizwa wazazi tuchangie nini.

Tungeshauri mchango wa kwanza uende kwenye maji. Huku kwetu kiangazi kinapokuwa kirefu, jengo zuri lisilo na tangi linageuka stoo. Paa la bwalo ni pana, na kila milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 400 inaweza kutoa karibu lita 400. Mifereji ya paa na tangi la kukusanyia vinaweza kuwa kitu cha maana kuliko sakafu mpya.

Cha pili ni jiko. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Kwa shule iliyo mbali na barabara kuu, shida ni kama mtungi wa gesi utafika wakati wa mvua. Kamati ya shule iulize nani ataujaza, kila baada ya siku ngapi na kwa gari la nani, kabla majiko ya zamani hayajabomolewa.

Cha tatu ni paa lenyewe. Baadhi ya majengo ya zamani yaliezekwa kwa asbestosi, vigae vya kijivu vyenye mawimbi, vigumu kama saruji. Vumbi lake linaharibu mapafu, na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi. Vijana wa kijiji wasipewe kazi ya kuvunja paa la namna hiyo kwa nyundo, vipande visikatwe kwa msumeno, visifagiliwe vikiwa vikavu, na visichukuliwe kwenda kuezekea zizi. Kabla ya siku ya kazi, mwalimu mkuu amwite mhandisi wa halmashauri aje kuliangalia, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liulizwe namna ya kuliondoa na mahali pa kulifukia.